Kwa Mamlaka ya Nani, Kapteni Halvard?

Alhamisi, 9 Januari

Nimeangamia. Naandika koti likiwa bado mwilini. Theluji inayeyuka kwenye zulia. Na iyeyuke.

Kapteni Halvard, mkuu wa walinzi wa mji wa Grenholt, mtu niliyemlea miaka tisa kwa karatasi, penseli na dadu, leo ameambiwa hana mamlaka. Na aliyemwambia ni mwizi! Mwizi aliye jela! Mwizi ambaye Halvard mwenyewe alimtia ndani!

Nitulie. Nianze mwanzo. Kila Alhamisi tunacheza mchezo wetu wa kuigiza hadithi kwa Marlys Bergstad, katika chumba cha chini ya nyumba, kando ya mashine ya kufulia. Marlys alikuwa mwalimu wa muziki kabla hajastaafu. Yeye ndiye msimulizi, kwa hiyo ulimwengu wote ni wake: wafalme, mbwa, mvua, wauza samaki. Sisi watatu tuna mtu mmojammoja tu wa kumwigiza. Tonya wa duka la dawa ni Sista Ilse, kuhani wa hekalu. Duane Kivela, fundi bomba, ni Finch, mwizi wa mapaa. Mimi ni Halvard. Katika mstari wa kwanza wa karatasi yake imeandikwa, kwa mkono wangu, tangu siku ya kwanza: Mtii wa Sheria, Mwema. Ana upanga uitwao Hukumu. Huo upanga huwaka samawati mkononi mwa mwenye mamlaka halali. Kwa mwingine yeyote ni chuma cha kukatia kabichi.

Leo Halvard na Ilse walifungua kaburi chini ya kasri. Ndani mlikuwa na Mfalme Osmund. Alikufa zamani, kabla Halvard hajala kiapo cha kazi! Aliyekaa kwenye kiti cha enzi siku ya kiapo, na ndevu za Osmund, na taji la Osmund, alikuwa mdogo wake, mnyang'anyi. Niliona ni mkasa mtamu. Nikapiga meza kwa furaha. Mjinga mimi!

Duane akaacha kutafuna vibonge vyake vya jibini. Akauliza kwa sauti ya malaika kwamba kama mfalme alikuwa bandia, kapteni alikula kiapo mbele ya nani? Na kama kiapo ni hewa, yeye Finch, aliyeko kizuizini tangu Novemba, amefungwa na nani hasa?

"Mwalimu," akamwambia Marlys, maana alifundishwa naye shuleni, "huyu si askari. Huyu ni jamaa tu mwenye panga, ameniteka nyara."

Tonya alicheka hadi akashika mbavu.

Nikamwangalia Marlys nikingoja amkemee. Marlys akavua miwani, akaifuta, akasema ni swali zuri. Swali zuri! Halafu akasema upanga umepoa. Halvard anapewa wiki moja aonyeshe ni kwa mamlaka ya nani anabeba funguo za jela. Asipoonyesha, ule mstari wa kwanza utafutwa. Na askari asiye halali anayeendelea kufunga watu ni adui wa mji, na maadui wote wa mji ni mali ya msimulizi. Ndiyo desturi ya meza yetu. Ataninyang'anya Halvard!

Nilitaka kumjibu Duane jibu la moto, lakini nilikuwa nimekaa. Kwa Marlys, unachosema ukiwa umekaa, amesema mtu wako. Ukitaka kusema kama wewe mwenyewe, simama. Ndiyo maana tunasimama hata kuomba chumvi. Mwaka juzi Tonya alisahau, akauliza kwa sauti nani amejamba, na Sista Ilse akawa ameuliza hivyo mbele ya Askofu Mkuu. Mpaka leo hekalu halijampandisha cheo.


Ijumaa, 10 Januari

Sikulala. Kazini nimechonga funguo kumi na mbili, zote za watu wenye milango yao halali.

Nimemuuliza meneja wetu, binti wa miaka ishirini na sita, nani alimpa madaraka. Akasema mwenye duka. Nikamuuliza mwenye duka alipewa na nani. Akanipeleka ghalani kupanga mifuko ya chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani. Hayo ndiyo mamlaka ya siku hizi.

Niseme ukweli, kwani hapa hakuna wa kunicheka. Tangu mke wangu Carol ahamie Arizona na yule daktari wa miguu, Alhamisi ndiyo siku pekee ambayo kuna mtu ananisubiri mahali. Siku nyingine sita mimi ni Lyle Haapala wa kaunta ya funguo. Alhamisi mlango unafunguliwa, watu wa Grenholt wanasogea pembeni, wanasema Kapteni anapita. Wakimchukua Halvard, nitabaki na nini? Nitabaki na mifuko ya chumvi.

Lazima kuwe na njia.


Jumamosi, 11 Januari

Mpango wa kwanza: moyo wa hakimu.

Usiku theluji imeanguka hadi magotini. Asubuhi na mapema nikaenda na beleshi kwa Marlys, nikaanza kumsafishia njia ya gari bila kuombwa. Kilima kile! Mgongo! Nilikuwa nimemaliza kila kitu, nimeegemea beleshi kwa namna ya kupendeza, gari la manispaa la kusukuma theluji likapita na kunirudishia ukuta wote wa theluji mlangoni. Nikaanza upya. Nililia kidogo, machozi yakaganda.

Marlys akatoka na kahawa. Akashukuru sana. Nikasema si kitu, majirani ni watu. Nikanywa kidogo. Nikasema kwa njia ya kupita tu kwamba, kuhusu lile suala la Halvard, huenda mfalme bandia alikuwa na damu ya kifalme vilevile, ama vipi?

Akaniangalia, akauliza: "Lyle mwanangu, hii ni theluji au hongo?"

Nikasema ni theluji.

Akasema afadhali iwe theluji, kwa sababu askari anayemhonga mwamuzi hafiki mbali na neno Mtii. Akaongeza kwamba leo atajifanya hakuniona. Akachukua kikombe. Kilikuwa bado nusu!

Wakati naondoka, nani anapanda kilima na mashine yake ya kufagia theluji? Duane. Eti humfanyia mwalimu wake kila theluji, mwaka wa sita sasa, na hajawahi kutaja. Mnafiki gani huyu, anayetenda mema kimyakimya ili tusijue!


Jumapili, 12 Januari

Mpango wa pili: mafuta matakatifu.

Nimempelekea Tonya sufuria ya supu ya wali wa porini na kuku. Nimemweleza waziwazi: Sista Ilse ampake Halvard mafuta mbele ya madhabahu, mamlaka yatoke mbinguni, mchezo uishe.

Tonya akajipakulia. Akasema wazo si baya. Supu nayo si mbaya, ila imepungukiwa chumvi. Halafu akauliza swali moja tu: hekalu likishampa Halvard mamlaka, siku likimwamuru amwachie Finch, atamwachia?

Nikasema hapana, bila shaka.

Akauliza, basi atafanya nini?

Nikasema atatafuta hekalu jingine.

Akaweka kijiko chini. "Lyle, babu wewe! Hutaki mamlaka, unataka muhuri. Muhuri mfukoni, ugonge utakapo."

Nikamwambia kwamba haelewi sheria. Akasema anaelewa kwamba supu imekwisha. Akaniosha sufuria, akanirudishia, akanisindikiza hadi mlangoni. Kwenye ngazi akasema, labda kwa kunihurumia, kwamba kama si mfalme na si mungu, basi waliobaki ni watu wenyewe. Niwaulize watu wa Grenholt kama wanamtaka.

Nimesimama uwanjani mwake kwenye baridi ya kukata masikio nikiwa na sufuria tupu mikononi, nikacheka peke yangu. Watu! Nani asiyempenda Halvard?


Jumanne, 14 Januari

Mpango wa tatu, na wa mwisho, na wa kifalme: uchaguzi.

Nimempigia Marlys. Nimemwambia Kapteni Halvard anatangaza uchaguzi wa mkuu wa walinzi, Alhamisi, uwanja wa soko, kila mwenye pumzi apige kura. Marlys akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akauliza kama Halvard atakubali matokeo, yawe yatakavyokuwa. Nikasema neno la Halvard ni chuma.

Akasema niseme hilo nikiwa nimekaa.

Nilikuwa nimesimama jikoni. Nikavuta kiti, nikakaa, nikasema: Halvard atakubali matokeo. Akashukuru. Sauti yake ilikuwa na upole fulani ambao sikuupenda.

Lakini nani atasimama dhidi yangu? Mwoka mikate ni mwoga. Mkuu wa bandari ni mlevi. Nimeigiza sauti zao zote mbili na kuzipima, hakuna mpinzani. Mgombea mmoja, ushindi mnono. Nimelala mchana kama mtoto aliyenyonya.


Alhamisi, 16 Januari

Sina mkono wa kuandikia. Naandika tu.

Finch aligombea. Kutoka jela! Alipanda juu ya ndoo, akashika nondo za dirisha, akawahutubia watu wa sokoni. Nikaruka juu, nikasimama kihalali kabisa, nikapinga: mfungwa hawezi kugombea!

Marlys akauliza kwa upole, "Kafungwa kwa mamlaka ya nani?"

Nikakaa.

Hotuba ya Duane. Mate mdomoni, jibini kwenye ndevu. Akasema anajua kila paa la Grenholt linalovuja kwa sababu amelala juu ya yote. Akasema anamjua kila mjane asiye na kuni, kwa kuwa aliwahi kuingia kuiba, akakuta hamna kitu, akaacha alichokuwa nacho. Akasema yeye mwizi ni kweli, lakini hajawahi kumwambia mtu kwamba kumwibia ni kwa faida yake. Tonya akapiga makofi akiwa amekaa, kwa hiyo Sista Ilse naye amepiga makofi, hadharani, mbele ya waumini!

Hotuba yangu. Halvard aliwasomea amri ya kutotoka nje baada ya jua kuzama, pamoja na marekebisho yake. Niliona ni jambo la kuwapa watu imani. Marlys alisema muuza samaki mmoja amesinzia.

Dadu. Zile za pande ishirini, zinazoamua kura; namba kubwa hushinda. Yangu nikaipulizia, nikaitikisa karibu na sikio, nikaitupa. Tatu. TATU! Duane akatupa yake huku anajikuna. Kumi na saba.

Finch ni mkuu wa walinzi wa Grenholt.

Kisha Marlys akafanya jambo ambalo nikilikumbuka nashikwa na baridi. Akainama kuelekea kwangu, akasimulia polepole sana. Watu wote wanamtazama Halvard. Funguo ziko kiunoni mwake. Mlango wa jela uko hatua chache. Akasema: kapteni aliyedanganywa na mfalme bandia hana kosa. Sasa watu halali wamesema, naye aliahidi. Akifungua ule mlango, akampa Finch funguo na kusema "Ndiyo, Kapteni," hapatakuwa na mtu mtiifu zaidi yake katika nchi nzima. Akasema tayari kuna joto kidogo kwenye mpini wa upanga.

Tonya akanipiga teke chini ya meza. Alikuwa ananionyesha njia. Wote walikuwa wananionyesha njia, naona sasa. Maneno mawili tu! Nikafungua mdomo.

Duane akatabasamu. Bado alikuwa na ile jibini.

Nikasema: "Hawa ni nani wa kuchagua? Mji huu ni wangu! Funguo ninazo mimi, panga ninalo mimi, anayetaka kunitoa ajaribu tuone!"

Mashine ya kufulia tu inazunguka. Nikatazama chini nione ni kitu gani kigumu kinanikandamiza matako. Kilikuwa kiti.

Nikasimama haraka mpaka kiti kikaanguka, mguu ukavunjika. Nikasema ni Lyle aliyesema, si Halvard! Halvard hawezi kusema vile! Marlys akasema, kwa huzuni ya kweli, kwamba Halvard amesema, na mji mzima umesikia. Akavuta karatasi yangu. Akatoa kifutio. Akafuta Mtii wa Sheria, taratibu, halafu Mwema. Akapuliza uchafu. Akaitia karatasi kwenye jalada lake lenye majoka, madhalimu na mfalme bandia.

Tonya akasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Duane akaokota kile kiti. Hata hakucheka. Hilo ndilo liliniuma zaidi.


Ijumaa, 17 Januari

Nimechonga funguo vibaya mara tatu. Mteja mmoja amerudi, mama mzee, amefungiwa nje ya nyumba yake katika baridi hii kwa sababu yangu. Meneja amenirudisha ghalani.

Nyumba iko kimya. Miaka tisa. Sijala. Naogopa Alhamisi ijayo kuliko ninavyoogopa kufa, maana kufa kutakuwa mara moja.


Jumapili, 19 Januari

Duane amekuja.

Nilimwona kupitia dirisha na nikazima taa, lakini gari langu liko nje na nyayo zangu zinaingia ndani, hazitoki. Akagonga tu. Alitoka kuvua kwenye barafu. Alikuwa na samaki wawili ndani ya mfuko, mmoja wangu. Hajawahi kuingia kwangu. Akatazama kiti kimoja mezani, akatazama pembeni.

Akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akasema wamezungumza wote watatu. Kiti changu kipo. Kapteni Finch anahitaji mtu wa lango la kaskazini, mtu mwaminifu, mtu anayezijua funguo. "Ndugu yangu, we njoo tu. Unafungua lango, unafunga lango. Kazi ya ufalme, hiyo."

Halafu akavua kofia, nikajua kuna jingine. Akasema Marlys alilia baada ya mimi kuondoka. Ana miaka sabini na minne. Amewaambia kwamba anataka kusimulia hadithi, hataki kuendesha mahakama. Ukizuka ubishi mwingine hata mmoja wa nani ana haki na nani hana, atakunja ramani, meza ataigawa kanisani, na Alhamisi zitakuwa zimekwisha kwa wote. Duane akasema yeye mwenyewe, tangu mkewe afariki, hana kwingine pa kwenda Alhamisi. Sikujua. Miaka tisa nimekaa mkabala na huyu mtu nikihesabu vibonge vyake vya jibini.

Nilimwambia nitafikiria. Alipoondoka nikamkaanga samaki. Macho yaliniwasha sana, na sikuwa nimekata kitunguu chochote. Nilishukuru. Nataka iandikwe hapa kwamba nilishukuru.


Jumatano, 22 Januari

Amani! Mwili mwepesi!

Nimemwumba mtu mpya. Anaitwa Odd, bawabu wa lango la kaskazini. Miguu mibovu, moyo safi. Hana upanga, ana taa. Katika mstari wa kwanza nimeandika, kwa mkono uliotulia: Mtii wa Sheria, Mwema. Odd anafungua lango, anafunga lango, habishani na mtu. Nimejaribu kusema "Ndiyo, Kapteni" mbele ya kioo, nikiwa nimekaa juu ya ukingo wa bafu. Imetoka vizuri. Mara ya nne haikuuma hata kidogo.

Nikawa nachonga penseli. Ndipo wazo likanijia, lenyewe, sikuliita.

Uchaguzi ulitangazwa na nani?

Na Halvard! Na Halvard wakati ule hakuwa na mamlaka. Alisema hivyo mwizi mwenyewe, na Marlys akakubali. Basi mtu asiye na mamlaka anatangazaje uchaguzi? Hatangazi! Ni mtu tu anayepiga kelele sokoni! Uchaguzi ni batili! Finch si kapteni wa chochote! Nimeigeuzageuza hoja hii juu na chini tangu nitoke kazini, haina ufa hata wa kupenya unywele.

Sitabishana. Nimeelewa kabisa alichosema Duane, na mimi si mtu wa kuvunja meza ya watu. Odd atauliza tu. Swali moja, dogo, la bawabu mnyonge anayetaka kujua lango amfungulie nani. Nimenunua vibonge vya jibini, mifuko mitatu mikubwa, kila mmoja awe na wake, tuwe na furaha.

Nimempigia Marlys kumwambia kesho naja. Akasema, "Oh, Lyle, afadhali!" Alikuwa na hofu kwamba nimewaacha. Ameoka keki ya tufaha, na Duane amerekebisha kile kiti. Sijasikia sauti yake ikiwa na furaha hivyo tangu kabla ya Krismasi. Nikaona huu ndio wakati mzuri. Nikamwambia nina jambo moja dogo tu la kuuliza kuhusu ule uchaguzi.

Simu ikakatika. Nikaita Marlys, Marlys, hakujibu. Baridi hii huharibu laini za simu kila mwaka.